Kabla hujasema mtoto hana kipaji

Juzi mama mmoja wa Nkuhungu, Dodoma, amenitumia ujumbe: "Mwalimu, shikamoo. Mwanangu anapiga kinanda masaa mawili kila Jumamosi na bado anakwama palepale. Au nikubali tu hana kipaji?"

Marahaba, mama. Nilimjibu kwa kifupi, lakini najua mko wengi, hasa ninyi mliouza zabibu mkanunua kinanda na sasa mnamngoja mtoto aipigie kwaya Pasaka.

Hilo neno kipaji linanichoma. Nilipokuwa mdogo, parokiani kinanda kilikuwa kimoja na watoto msururu. Aliyekuwa akitufundisha akasema mbele ya kwaya nzima kwamba vidole vyangu ni vya kupalilia uwele. Watu walicheka, soprano ndio zaidi. Nyumbani hatukuwa na kinanda wala umeme, nikachora vitufe vyeupe na vyeusi kwenye boksi la sabuni. Kila jioni, nikishachota maji, napiga mkono wa kushoto peke yake huku naimba solfa: do, so, mi, so. Boksi halitoi sauti, lazima uimbe mwenyewe, na ukiimba sikio linakijua kidole kinakokwenda. Miaka iliyofuata siisimulii, ilikuwa kurudia tu. Leo wale waliosifiwa siku ile wananiletea watoto wao. Nawafundisha, kwa ada ileile ya wote, ingawa kishawishi cha kuongeza kipo.

Tuje kwa mtoto wa Nkuhungu. Masaa mawili ni dakika 120. Zigawe kwa siku 6, kila siku dakika 20. Mtoto akiwa amelala, ubongo hushikilia vizuri alichojifunza, kwa hiyo atapata usiku sita wa kukiweka sawa badala ya mmoja. Halafu asianze wimbo mwanzo kila mara. Akianza mwanzo mpaka anapokwama, ule mwanzo ameupiga mara hamsini na pagumu hajapagusa. Aanzie pagumu. Polepole, jamani! Pakueni kipima mapigo ya muziki (metronome) kwenye simu, aanze na mapigo 50 kwa dakika. Akipiga bila kosa, apande 54. Akikosea, ashuke. Kiti kiwe cha kimo ambacho viwiko vinalingana na vitufe, na kifundo cha mkono kikiuma aache hapohapo. Maumivu si bidii.

Haya si mambo ya kuletewa na Wazungu. Msikilizeni Mgogo anayepiga ilimba, ala ya vibao vya chuma inayoshikwa mikononi: vidole gumba viwili, kipande kifupi kinazunguka na kuzunguka mpaka mikono inakwenda yenyewe, ndipo anapandisha sauti ya kuimba. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, mzaliwa wa kijiji cha Doda mkoani Dodoma, aliifikisha ilimba hiyo Ulaya. Halafu sisi tunataka mtoto amalize wimbo mzima Jumamosi moja!

Wazazi, na hapa nasema nanyi kwa ukali kidogo: acheni kumwita mtoto mbele ya wageni, "hebu wapigie ule wimbo." Atapiga haraka, atafunika makosa, mtampigia makofi, na kesho makosa hayohayo yatakuwa yameota mizizi. Dakika zake 20 ni zake. Mwacheni arudie vipande vyake vigumu. Najua vinachosha masikio; hamieni uani.