Ukoko, mifereji na ndago: maswali yenu kuhusu Valencia

Maswali ya safari hii yote yanatua Valencia, milki ya kale ya mashariki mwa Hispania. Waislamu waliitawala kwa karne tano hivi, hadi Mfalme Jaume wa Kwanza wa Aragon alipoutwaa mji wake mkuu, nao uitwao Valencia, mwaka 1238. Tuanze jikoni, maana huko ndiko wengi mnakoungua.

Nimepika paella, wali wa Kivalencia, mara tatu, na kila mara inatoka mashendea. Nakosea wapi? (Msomaji, Mombasa)

Tunashuku sufuria, mchele na mwiko wako, vyote kwa pamoja. Paella ni jina la chombo kabla ya kuwa jina la chakula: karai bapa la chuma, pana, lenye kina kifupi. Kwa watu wanne tafuta la sentimita 40 hadi 45. Mchele ukikaa humo haupaswi kuzidi unene wa kidole, ili maji yakauke juu huku chini ukikaangika. Kwenye sufuria ya kina wali hupikwa na mvuke, na hapo mashendea hayaepukiki.

Mchele wa Kyela au pishori ya Mwea uacheni kwa pilau. Harufu yake hushindana na zafarani, na punje ndefu hainywi supu kama punje fupi ya mviringo. Wavalencia hutumia aina ya bomba, ambayo hunywa supu nyingi bila kupasuka, au senia, iliyo laini zaidi lakini haisamehe dakika mbili za ziada. Na msiuoshe. Tunajua mkono unawasha, lakini msiuoshe.

Vipimo vya watu wanne: mchele gramu 400, kuku gramu 600 na sungura gramu 400 katika vipande vidogo vyenye mifupa, maharage mabichi mapana gramu 200, fiwi kubwa nyeupe gramu 100 (zikiwa kavu ziloweke usiku kucha, kisha zichemshe hadi zikaribie kuiva), nyanya moja ya kukunwa, kijiko cha chai cha paprika tamu, nyuzi ishirini hivi za zafarani na mafuta ya zaituni mililita 80.

Kaanga nyama na chumvi kwa moto wa wastani, dakika ishirini nzima, mpaka iwe kahawia pande zote. Ladha ya supu inatoka hapa, na ndipo wengi wanapokimbia. Tia maharage, kisha nyanya mpaka ikauke. Paprika ikae sekunde chache tu, maji yafuate papo hapo. Ikiungua inakuwa chungu na hakuna dawa. Maji yawe lita 2. Tia fiwi, chemsha polepole nusu saa au zaidi mpaka supu ibaki kama lita 1.2, ndipo utie zafarani. Ionje: iwe imezidi chumvi kidogo, kwa kuwa mchele utaipunguza.

Sambaza mchele mara moja, kisha weka mwiko mbali. Ukikoroga unatoa wanga, na wanga ndio gundi. Moto mkali dakika 8 hadi 10, halafu mdogo dakika 8 hadi 10, bila kufunika wala kupalia. Jiko la gesi la nyumbani hupiga katikati tu, kwa hiyo zungushazungusha karai, la sivyo pembeni patabaki pabichi. Mwisho ongeza moto kwa dakika moja na utege sikio: mlio wa kukaangika maana yake ukoko unashika. Harufu ya kuungua ikifika puani umechelewa. Epua, upumzike dakika tano. Ukoko huo wao huuita socarrat, na mezani hugombaniwa kama kwetu.

Kamba na soseji vinaruhusiwa? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kamba wana paella yao, ya supu ya samaki, isiyochanganywa na nyama. Soseji ya chorizo hapana: mafuta na moshi wake humeza zafarani uliyoilipia ghali.

Nimesikia kuna mahakama ya maji pale mjini. Inafanyaje kazi? (Msomaji, Moshi)

Ipo, na ninyi wa mifereji ya mlimani mtaielewa upesi. Mifereji minane iliyochepushwa kutoka mto Turia inanywesha mashamba yanayouzunguka mji. Kila mfereji una mwakilishi wake, mkulima aliyechaguliwa na wakulima wenzake. Hukutana kila Alhamisi saa sita mchana kwenye Mlango wa Mitume wa kanisa kuu. UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa utamaduni mwaka 2009.

Maji hayagawiwi kwa lita bali kwa mafungu. Mto ukipungua, fungu la kila mmoja hupungua kwa uwiano uleule, kwa hiyo ukame hauna mpendwa. Wanaoshtakiwa ni walioiba zamu, waliofurisha shamba la jirani au walioacha kusafisha mfereji. Kesi husikilizwa kwa mdomo, kwa Kivalencia, bila wakili. Mwakilishi wa mfereji wenye kesi hashiriki kutoa hukumu, na rufaa hakuna.

Watalii huvunjika moyo, kwa kuwa mara nyingi majina ya mifereji huitwa, hajitokezi mtu, na shughuli inakwisha ndani ya dakika chache. Anayeita majina ni alguacil, yaani tarishi wa mahakama. Neno hilo ni waziri yuleyule wetu, ila kule ameshushwa cheo.

Basi na maneno mengine je? Na mashamba ya mpunga niyaone lini? (Msomaji, Muscat)

Mengi yalipita mlango uleule wa Kiarabu: zafarani ni azafrán, zaituni ni aceituna, mbiringani ni berenjena, na birika la kuhifadhia maji ni alberca. Albufera, ziwa la mpunga kusini mwa mji, ni al-buhayra, yaani bahari ndogo.

Mei na Juni utaona maji yaking'aa kama kioo, Julai na Agosti kijani kitupu, Septemba mavuno. Kati ya Novemba na Januari mashamba hufurishwa tena na ndege hujaa. Mabua ndiyo ugomvi wa kila mwaka: yakichomwa, moshi hufika vijijini, yakiachwa majini yanaoza, yanamaliza oksijeni na kuua samaki.

Horchata, kinywaji baridi cha Valencia, inatengenezwa kwa ndago. Nichimbe za shambani kwangu? (Msomaji, Tanga)

Usichimbe. Ndago inayokusumbua shambani huenda ikawa ile yenye viazi vichungu. Chufa ni ndugu yake mtamu, anayelimwa Alboraya na vijiji jirani: hupandwa Aprili na Mei, huchimbwa Novemba hadi Januari.

Ukipata chufa kavu, gramu 250 zitoshe lita moja ya maji. Zisugue vizuri, kwa kuwa udongo hujificha kwenye makunyanzi. Loweka saa 12 hadi 24 ukibadilisha maji, mpaka makunyanzi yatanuke. Saga na nusu ya maji, chuja kwa kitambaa, rudisha machicha usage tena na maji yaliyobaki. Sukari gramu 100. Usiichemshe kamwe: ina wanga mwingi, itakuwa uji. Iweke kwenye friji, itikise kabla ya kumimina, na imalizike ndani ya siku mbili kabla haijachacha.