Je, chama ndicho kilichomlevya kaka yangu?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Kaka yangu mkubwa anafanya kazi Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa amekuwa mwanachama wa Frimasoni, jambo ambalo hakutuficha. Alipopanda Moshi kwa Krismasi, siku ya pili alianza kutoka jasho, kupiga miayo, kutapika na kulia kwamba mifupa inamvunja, mpaka akakiri kuwa anavuta unga. Ukoo ulikaa ukaamua kwamba dawa hizo alipewa katika ibada za chama. Anakuja tena Pasaka, na baba mdogo anasema safari hii afungiwe chumbani mpaka zimtoke. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba wenzake wawili wa chamani walijua wakanyamaza. Ni kweli vyama hivi huwapa watu dawa? Nasi tufanye nini?
Mdogo mtu, Majengo, Moshi.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na poleni sana nyumbani. Hali uliyoieleza ndiyo ambayo watumiaji wenyewe huiita arosto. Mtu ambaye mwili wake umeizoea heroini, yaani huo unga, akiikosa, huanza kuugua siku hiyohiyo au inayofuata. Maumivu hupanda mno siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua kwa muda wa kama wiki moja. Kaka yako alisafiri, akaishiwa, akaugua, na hapo sioni ibada inahusika vipi.

Kuhusu chama chenyewe, Katiba ya Frimasoni iliyoandikwa na James Anderson na kuchapishwa London mwaka 1723 inamtaka mwanachama awe mtiifu kwa mamlaka ya nchi anamoishi, na inapozungumzia burudani za wanachama baada ya kikao, inakataza kupita kiasi na kumlazimisha ndugu kula au kunywa kuliko apendavyo. Hapa kwetu, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza heroini, bangi na hata mirungi ambayo jirani zetu wa Kenya huitafuna kihalali, kwa hiyo mwanachama anayetumia anavunja sheria ya nchi na agizo la chama kwa pamoja. Kipo hata chama cha udugu, Good Templars, kilichoanzishwa jimbo la New York mwaka 1851, ambacho kiapo chake ni kuacha kabisa pombe. Sisemi kwamba wanachama hawatumii dawa. Wanatumia, kama wanavyotumia wanakwaya, madereva, walimu na watoto wa viongozi wa dini, kwa sababu unga huuzwa kete kwa kete mtaani na hauulizi mtu ni wa chama gani.

Niruhusu niseme linalonisumbua katika barua yako na nyingine nyingi tunazopokea. Kijana wa Pasua au Njoro akisinzia kando ya barabara kwa unga, tunamwita teja na kumpita. Mtu mwenye suti na gari akiugua ugonjwa uleule, tunasema amelishwa kitu na watu wa siri. Wa kwanza tunamnyima huruma, wa pili tunamnyima matibabu, kwa kuwa anayedhaniwa amelishwa kitu hupelekwa kuombewa tu na hafikishwi kwa daktari. Mama na amwombee, ni haki yake na ni faraja kwa mgonjwa, lakini aombe huku mwanawe anatibiwa.

Shauri la baba mdogo likataeni kwa heshima, lakini bila kuyumba. Mtu aliyefungiwa siku kumi hutoka mwili wake umepoteza uzoefu wa dawa ilhali hamu imebaki palepale. Akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi inaweza kukata, na hatari huongezeka akiwa amekunywa pombe. Na kama pombe nayo imemshika kiasi cha kunywa kila siku, kuikatisha ghafla bila daktari kunaweza kumletea degedege.

Kwa bahati anaishi Dar es Salaam, ambako tiba ya methadoni ilianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, kisha ikafika Mwananyamala na Temeke. Ni dawa ya kunywa, anayopewa kila siku mbele ya mhudumu, ambayo huzuia arosto kwa takriban siku nzima ili mtu aweze kufanya kazi na kulala. Aanze sasa, asingoje Pasaka, na akishaanza awaeleze wahudumu mapema kwamba ana safari, wampangie. Akiugua akiwa Moshi, mpelekeni hospitali ya Mawenzi au ya KCMC, na daktari aambiwe ukweli wote.

Kuhusu wale wawili, naelewa uchungu wako. Siri ya Frimasoni inahusu namna ya kutambuana na taratibu za vikao, na haimlazimishi mtu kumtazama ndugu yake akiangamia. Hata hivyo usiwaendee kwa ugomvi. Nadhani walinyamaza kwa kuogopa kumvunjia heshima, kosa ambalo hata familia nyingi hulifanya. Mwombe kaka akuruhusu uwapigie simu, kisha waulize ni yupi kati yao anayeweza kumsindikiza kliniki asubuhi katika zile wiki za mwanzo, ambazo ndizo ngumu kuliko zote.