Mbao za Dawa na Matuta ya Mboga: Kosa Nililolifanya Nyumbani Kwangu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniuliza kama mbao za kijani zilizobaki baada ya kuezeka nyumba yake zinafaa kuzungushia matuta ya mboga. Swali hilo lilinichoma, kwa kuwa miaka mitatu iliyopita nilifanya jambo hilo hilo na kuwahimiza majirani wawili wanifuate.

Nilijenga matuta matano kwa mabaki ya kenchi. Mchicha, figili na karoti vilistawi, na mchwa, ambao mtaani kwetu hula hata fremu za milango, hawakuyagusa kamwe. Hilo peke yake lilipaswa kunishtua. Dawa inayozipa mbao nyingi za paa rangi ile ya kijani ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki husababisha saratani. Mvua huichuja kidogo kidogo hadi kwenye udongo unaogusana na ubao. Nchini Marekani, watengenezaji waliacha kuitia dawa hiyo kwenye mbao nyingi za matumizi ya nyumbani mwishoni mwa 2003.

Kinachoniuma zaidi, hata hivyo, ni majivu. Vipande vilivyobaki tulivipikia, kisha majivu yake nikayanyunyizia mchicha ili kufukuza wadudu, kama mama alivyonifundisha. Majivu ya mama yalitoka kwenye kuni za porini. Yangu yalitoka kwenye mbao zenye aseniki, ambayo moto hauiteketezi, bali sehemu yake hutoka na moshi na nyingine hubaki jivuni. Niliyaweka kwa mkono wangu juu ya majani waliyokula wanangu.

Ndugu zangu, zungushieni matuta mawe, matofali ya kuchoma au mbao zisizotiwa dawa, hata kama zitaoza mapema. Aliyekwisha kujenga asipande mboga za majani wala za mizizi karibu na ubao. Nyanya na bilinganya hubeba sumu kidogo kuliko mboga hizo. Karoti zioshwe na kumenywa, kwa maana udongo ulioganda ndio hatari kubwa. Vipande visichomwe kamwe. Dukani tunauliza bei na urefu wa ubao, lakini dawa hatuiulizi, na hilo ni lazima tulibadilishe.

Nimewaendea majirani wote wawili na kuwaeleza. Mmoja tulimsaidia kung'oa mbao na kuondoa udongo uliozigusa siku hiyo hiyo. Mwingine anasubiri avune karoti kwanza, nami Jumamosi nitarudi kwake na toroli la mawe.