Nati ya kufuli iliyolika, gari lipo Mikindani

Pole sana kaka kwa hiyo nati ya kufuli ya gurudumu, ile ya kuzuia wizi inayofunguliwa kwa ufunguo wake maalumu, iliyolika na kugoma kutoka. Kama ufunguo huo umeshateleza na kuila nati, usiendelee kuulazimisha. Acha tairi likanyage chini, vuta hendibreki, kisha zikaze vizuri zile nati nyingine. Zikibeba mzigo, hii ya kufuli inapata nafuu kidogo. Ipulizie mafuta ya kulegeza kutu na uiache iloe nusu saa au zaidi, maana chumvi ya bahari huko Mikindani haina huruma kwa chuma.

Tafuta soketi ngumu iliyo ndogo kidogo kuliko nati, igonge kwa nyundo mpaka ing'ate, halafu fungua kwa mpini mrefu, taratibu, bila kushtua. Bora zaidi ni soketi maalumu ya kung'olea, yenye meno yaliyojipinda ndani: kadiri unavyofungua ndivyo inavyozidi kuuma.

Fundi akitaka kuchomelea nati juu yake, mwambie hiyo iwe njia ya mwisho na atoe kwanza waya za betri. Joto linaharibu rimu ya alumini na grisi ya beringi. Ikitoka, weka nati za kawaida magurudumu yote.