Rimu za inchi 17 kwenye Porsche 944 Turbo ya 1986

Ndugu, nimeelewa kwamba unataka kubadilisha rimu zako za inchi 16 na umepata za inchi 17 zilizotengenezwa kwa ajili ya 944 Turbo ya 1988. Kinachonitia wasiwasi si kipenyo bali ofseti, yaani umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaofungwa kwenye habu, kwani gari lako lina takriban milimita 23, ilhali kuanzia modeli ya 1987 ilipanda hadi takriban 52. Matundu matano ya kufungia rimu yatalingana kabisa na kukudanganya, lakini rimu zitaingia ndani karibu milimita 29 na huenda zikagusa sasipenshani. Spesa, yaani vipande vya kusukuma rimu nje, zinaweza kusaidia, mradi ziambatane na stadi (skrubu za kufungia rimu) ndefu zaidi. Mimi ningetafuta rimu za ofseti sahihi.

Kwa tairi (namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo), 225/45 mbele na 255/40 nyuma hazipishani hata kwa asilimia moja na kipenyo cha 205/55 na 225/50 za asili, hivyo spidomita haitapotoka sana. Inchi 18 hupendeza pichani tu. Kabla ya kuendesha kwa kasi, fundi wa sasipenshani azungushe usukani hadi mwisho pande zote, gari likiwa na mzigo, aone kama tairi zinagusa madigadi.