Siasa au Sosholojia? Msomaji wa Reading anataka kumalizia A level akiwa nyumbani

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni msomaji wenu, niko Reading hapa Uingereza, kwetu Tanga, nina miaka 23. Nilikuja huku nikiwa na miaka 13 nikaunganisha sekondari, GCSE, ile mitihani ya miaka 16, nikafaulu pamoja na hesabu na Kiingereza, nikaingia sixth form lakini nikatoka na A level, yale masomo ya mwisho kabla ya chuo, mbili tu kwa sababu mwaka ule mama aliugua, nikaanza kushika shifti kwenye kea homu na somo la tatu nikaliacha njiani. Sasa mama yuko vizuri na mimi nataka nimalizie hilo moja niombe chuo, nafikiria sheria au kitu cha kijamii, sijaamua bado. Nimeona kuna kozi za masafa, unalipia wanakutumia notsi na unapewa tyuta wa kusahihisha kazi zako, na mbili zimenivuta, Siasa na Sosholojia.

Siasa naipenda, kwenye grupu la familia la watsapu mimi ndo mbishi namba moja ikifika uchaguzi wa nyumbani. Anko wangu anasema Sosholojia ni umbea uliopewa cheti na vyuo vikubwa vinaidharau. Mimi nilianza kuitafuta kwa sababu ya mdogo wangu wa kiume, yuko yia 9, mtoto ana akili, hesabu anazipiga kichwani, lakini aliwekwa seti ya chini, kundi la wanaoonekana dhaifu, siku alipofika kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa bado, sasa hivi Kiingereza kimeshakaa sawa na seti haijabadilika, na mwenyewe keshaanza kusema "mi si mtu wa shule", na nikiwaangalia wenzake wa seti ile wengi ni watoto wa watu kama sisi, mama zao wanafanya usiku kama mama yangu na mkutano wa wazazi wanauweka saa kumi na moja jioni, saa ambayo wao ndo wanatoka kwenda kazini. Kinaniuma sana kitu hiki anti na nashindwa hata kukieleza. Nichague lipi? Nina shifti nne za usiku kwa wiki.
Mwana Tanga, Reading

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiisoma naona kitu kilekile, Siasa umeiandikia sentensi moja ya watsapu halafu ulipofika kwa mdogo wako kalamu ikakataa kusimama. Mimi jibu nshaliona hapo. Ila ngoja nikuonyeshe ndani ya masomo yenyewe kuna nini, usije ukachagua kwa sababu tu anti kasema.

Tuanze na Siasa. Ile tunayobishana kwenye grupu na ile ya A level zimeshea jina tu. Ukichukua ya Edexcel, bodi ya mitihani ambayo shule nyingi wanaitumia, karatasi ya kwanza ni demokrasia ya Uingereza, vyama, mifumo ya uchaguzi, na itikadi tatu ambazo ni ukonsavativu, uliberali na usoshalisti. Ya pili ni katiba, bunge, waziri mkuu na mahakama, pamoja na itikadi moja ya ziada, mfano ufeministi au utaifa. Ya tatu ni Marekani au siasa za dunia, kozi yako ndo itakuwa imeshachagua. CCM na uchaguzi wa Kenya hutavikuta humo, utakuta wanafalsafa wa zamani kama Burke, John Stuart Mill na Wollstonecraft, na utatakiwa uwe na uhakika Mahakama ya Juu ya Uingereza ilianza kazi 2009 na ilitokana na sheria ya 2005.

Sisemi ni somo baya, ni tamu kweli kwa anayelipenda. Chukua uchaguzi wa Julai 2024, chama cha Labour walipata kama asilimia 34 ya kura wakaondoka na viti zaidi ya 400 kati ya 650, Reform wakapata asilimia 14 wakaambulia viti 5, halafu Liberal Democrats wenye asilimia 12 wakavuna viti 72. Mfumo ni huuhuu wa jimbo tulioukuta nyumbani, wa kwanza kwa kura ndo anachukua, na ukikaa chini kuelewa kwa nini kura chache zimezaa viti vingi kuliko kura nyingi unakuwa umeshaingia kwenye somo. Na hapa nakuwekea kitu ambacho wengi wetu huku hatukijui: wewe kama raia wa Tanzania mwenye kibali cha kuishi hapa unaruhusiwa kupiga kura hata ya bunge lao, kwa sababu Tanzania iko Jumuiya ya Madola. Kajiandikishe, uchague somo hili usilichague.

Shida yangu na Siasa kwa mtu anayesoma peke yake usiku ni mbili. Ya kwanza somo halitulii. Mwaka 2022 peke yake Uingereza ilikuwa na mawaziri wakuu watatu, na mwaka huohuo ile sheria ya 2011 ya kufunga muda wa bunge ikafutwa, sasa kuna notsi za masafa zinazouzwa mpaka leo zinaifundisha kama bado ipo. Darasani mwalimu anasema futeni hiyo mnafuta, wewe uliyeko mezani kwako saa nane mchana umetoka shifti nani atakwambia? Inabidi uwe mtu wa kufuata habari za Westminster kila siku, na uwe unafuata kwa mapenzi yako, si kwa kujilazimisha. Jiulize kwa ukweli, wiki iliyopita umefungua habari za bunge la hapa mara ngapi? Kama ni kila siku basi nimekosea na uchukue Siasa, nakuunga mkono mia kwa mia.

Ya pili ni mtihani wenyewe. Karatasi ya kwanza ya Edexcel ni saa mbili na ni insha tatu mwanzo mwisho, mbili za maksi 30 na moja ya 24. Hakuna kaswali kadogo ka kukupasha moto. Kwa mtu aliyekaa nje ya shule miaka mitano hiyo ni kuingia baharini kwenye kina.

Sasa Sosholojia, na naomba umsomee anko kipande hiki. Ya bodi ya AQA ndo inayofundishwa sana, namba yake 7192, karatasi tatu za saa mbili na kila moja maksi 80. Ya kwanza ni ELIMU, nimeiandika kwa herufi kubwa makusudi. Kwenye utafiti uliochapishwa 1968, watafiti Rosenthal na Jacobson walienda shule moja ya msingi California wakawaambia walimu kwamba asilimia 20 ya watoto hawa, majina yao haya, watapaa kimasomo, na majina yenyewe walikuwa wameyaokota tu bila kigezo chochote. Baada ya mwaka wale watoto, hasa wa madarasa ya chini, walikuwa wamepanda kuliko wenzao, na wao wakasema ni kwa sababu mwalimu alishaamini na mtoto akaona anaaminiwa. Watafiti wengine wameukosoa utafiti huo sana na ukosoaji nao utausoma, maana somo hili halikuruhusu kumeza. Mwanasosholojia Becker naye aliwahoji walimu 60 wa Chicago akaona wanampima mtoto kwa jinsi anavyofanana na yule mwanafunzi bora waliyenaye kichwani, ambaye mara nyingi ni mtoto wa watu wenye nafasi. Halafu kuna Gillborn na Youdell, hawa ni wa hapahapa Uingereza mwaka 2000, waliona shule zinawagawa watoto kama majeruhi hospitali, wanaopita wenyewe, wa mpakani wanaofaa kusaidiwa, na waliokwisha kukatiwa tamaa, na watoto weusi walikuwa wanaangukia fungu la mwisho kuliko wenzao, na ukishakuwa seti ya chini unafundishwa vitu vya chini unafanya mtihani wa chini. Mwanangu, huyo si mdogo wako? Kile ulichosema unashindwa kukieleza kina jina, kimefanyiwa utafiti na kinabishaniwa, na ile "mi si mtu wa shule" ya mdogo wako nayo wana jina lake, utabiri unaojitimiza wenyewe.

Karatasi ya pili unachagua mada mbili, nyingi za masafa wanachukua familia pamoja na imani au midia. Kwenye familia utakutana na mwanasosholojia Ann Oakley na utafiti wake wa kazi za nyumbani za wanawake, utawaona kina mama wa usiku wote wa mtaani kwako. Kama kozi yako inatoa mada ya maendeleo ya dunia usiiache, kuna nadharia ya utegemezi humo, kwamba nchi maskini zilifanywa maskini na nchi tajiri, hoja ambazo mwanahistoria Walter Rodney alikuwa anazipigania alipokuwa anafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ya tatu ni uhalifu na ukiukaji wa kanuni za jamii, ikiwa na nadharia na mbinu za utafiti.

Na ile karatasi ya kwanza inaanza na mguu mwepesi, swali la maksi 4, la 6, la 10, ndo ije insha ya 30. Panapowaangusha watu ni swali la maksi 20 la mbinu, wanakupa mfano wa usaili au dodoso wanakuuliza lingefaa vipi kuchunguza jambo fulani la shule, na watu wanaandika faida na hasara za dodoso basi, wanasahau kuzungumzia shule yenyewe, walimu wanaojua wanachunguzwa, watoto wasiojua kusoma vizuri, ruhusa za wazazi. Hilo lifanyie mazoezi kuliko kitu kingine chochote.

Kuhusu vyuo kudharau, anko kasikia vibaya. Vile vyuo vikubwa vya Russell Group viliwahi kuwa na orodha ya masomo yanayofungua milango, wakaiacha 2019, na wakati ipo Siasa haikuwemo na Sosholojia haikuwemo, zote mbili zilikuwa nje. Pointi za UCAS, wale wanaopokea maombi ya vyuo, ni sawasawa, A ni 48 kwa hili na 48 kwa lile. Na sheria karibu vyuo vyote havidai somo maalumu, vinataka gredi. Kwa hiyo somo litakalokupa A ndo somo la heshima kwako.

Kwa hiyo mimi nasema Sosholojia. Lakini kabla hujatoa pesa fanya hivi wikiendi moja usiyo na shifti: ingia tovuti za AQA na Edexcel pakua pasti pepa moja ya kila somo na mwongozo wake wa kusahihisha, ni bure, soma maswali yote, halafu jaribu kuandika ukurasa mmoja kwa kila somo hata kama hujui kitu. Utakayojikuta unaiendeleza baada ya ukurasa kuisha, chukua hiyo.

Na muda upige hesabu. A level moja imepangiwa saa 360 za kufundishwa, ukitaka uimalize kwa wiki 40 ni saa 9 kila wiki kabla hujaongeza za kujisomea mwenyewe. Kwa shifti nne za usiku inawezekana ila itakuuma, mimi ningekushauri uombe zipungue ziwe tatu kuanzia Februari. Hata miaka miwili si aibu.

SWALI: Salamu mhariri. Mimi ni baba, niko Leicester, binti yangu wa miaka 17 anasomea nyumbani na anataka Siasa kwa masafa. Kampuni inasema mahali pa kufanyia mtihani "tutajitafutia". Hiyo ni sawa?

JIBU: Ni kawaida ndugu yangu, lakini ndo mahali watu wanapolia. Binti atakuwa mtahiniwa wa kujitegemea, kama wale PC wa kule nyumbani, na ni lazima shule au kituo fulani kikubali kumsajili. Siasa na Sosholojia zina nafuu kubwa hapa kwa sababu ni mitihani mitupu, hazina kazi ya mradi ya kusahihishwa na mwalimu kama Historia ambayo asilimia 20 iko huko, na kwa hilo vituo vinawapokea bila matatizo mengi. Cha kwanza muulize aliyewauzia kozi ni ya bodi gani na namba gani ya silabasi, maana akisoma AQA akasajiliwa Edexcel mwaka umepotea. Cha pili piga simu vituo vitatu vinne, bei hazifanani kabisa na ada ya mtihani haimo kwenye ada ya kozi. Usajili wa mitihani ya Mei na Juni kwa kawaida unafungwa 21 Februari, baada ya hapo unalipa faini, na vituo vingine nafasi zinajaa mapema zaidi, kwa hiyo piga hizo simu kabla ya Krismasi na barua ya kukubaliwa uipate kwa maandishi.