Piga Picha Taka, Chora Pumzi ya Mchu

Kamera haioni hewa ikiingia kwenye mzizi. Kwa hiyo nikishuka kwenye mikoko ya mdomo wa Mto Msimbazi, hapa Dar es Salaam, nabeba daftari na kalamu pamoja na simu. Wengi wanaotaka kuchanganya picha na michoro huniuliza kwanza watumie programu gani. Mimi huwarudisha nyuma kidogo: mbele yako kuna kitu gani ambacho picha imeshindwa kukionyesha? Kama hakipo, iache picha isimame peke yake. Mchoro wa kupamba tu huipunguzia nguvu.

Chukua mti wa mchu, ambao ni jamii mojawapo ya mikoko yetu. Tope la pwani lina hewa kidogo mno, kwa hiyo mchu hutoa mizizi inayochomoza juu ya tope na kusimama wima kama penseli. Ngozi ya mizizi hiyo ina vitundu vidogo. Maji yakipwa, hewa hupenya humo na kushuka hadi kwenye mizizi iliyozikwa. Sasa mto unaoanzia upande wa vilima vya Pugu na kupita Vingunguti, Kigogo na Jangwani unafika hapa na kila ulichokizoa njiani: chupa, ndala, vipande vya nyavu, mifuko. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na madukani imepungua kweli, nami nashukuru. Lakini ile iliyokwishazama kwenye tope haijaondoka. Inaibuka mvua kubwa zikikwangua kingo, kisha inajiviringisha kwenye mizizi ya mchu na kubaki hapo.

Picha itakuonyesha mfuko umeng'ang'ania mzizi, na mtazamaji ataona uchafu, atasikitika, ataendelea na safari yake. Chora sasa, juu ya picha hiyohiyo, mkato wa tope: mzizi unavyoshuka, njia ya hewa, na mahali plastiki ilipoikata njia hiyo. Hapo mtazamaji ataelewa kwamba mti unazibwa pumzi. Utafiti uliofanywa kwenye kisiwa cha Java, Indonesia, na kuchapishwa mwaka 2021, uliwapima ndugu wa mchu wetu: mizizi ilipofunikwa nusu, miti ilistahimili, ilipofunikwa kabisa, majani yalipukutika na hatari ya mti kufa ikaongezeka. Jambo kama hilo ndilo la kuchora, maana linajulikana. Kasa anayelia machozi kwa sababu ya taka, hapana. Mtu akigundua kwamba umebuni kimoja, hatakuamini hata penye ukweli mtupu.

Ndiyo maana nashikilia sana mpaka kati ya vitu hivi viwili. Picha ni ushahidi, na ushahidi hauguswi: usiongeze chupa ambayo haikuwepo, usiifute iliyokuwepo, tunza nakala halisi pembeni. Mchoro ni maelezo. Ili mtazamaji asivichanganye, mimi huigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, halafu nachora kwa rangi mbili tu. Bluu ni ya kila kinachotembea, yaani hewa na maji. Nyekundu ni ya plastiki, wala siipi kazi nyingine yoyote.

Kuhusu karatasi: usichapishe kwenye zile zinazong'aa, penseli haishiki juu yake. Omba karatasi isiyong'aa, nene kiasi, na steshenari uliza kama wana printa ya leza, kwa sababu wino wa printa nyingi za kawaida huchuruzika ukigusa rangi ya maji. Ukihofia kuharibu, weka juu ya picha ile karatasi nyepesi inayopitisha mwanga ambayo wachoraji ramani hutumia, uchore hapo. Mistari iwe minene. Picha ya kwenye mikoko imejaa mambo mengi madogomadogo, na mstari mwembamba hupotea. Nenda ukatazame kazi za Tingatinga pale Oysterbay. Mtindo huo, alioanzisha Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa vibao na rangi za baiskeli, unafundisha vizuri jinsi umbo lenye ukingo mzito linavyosomeka kutoka mbali.

Nenda wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kwa sababu maji hupwa mbali zaidi. Siku hizo hapa Dar maji hukauka kama saa nne au saa tano asubuhi, jua likiwa limeshakuwa kali na tope linang'aa vibaya. Beba mwavuli ukitie kivuli unachopiga, uiname hadi usawa wa mizizi. Vaa buti za mpira na glovu. Maji ya Msimbazi yanabeba majitaka ya majumbani na ya viwandani.

Kisha kaa utulie, uchore palepale kabla hujarudi nyumbani. Ukitulia, kaa wenye gando moja kubwa hutoka tena kwenye mashimo yao, na hapo ndipo nilipoanza kutazama mashimo yenyewe. Nayo huingiza hewa kwenye tope. Kipande cha plastiki kilicholala bapa hufunika mizizi na mashimo kwa pamoja. Jicho lililokuwa na haraka ya kupiga picha lisingeliona hilo, ilhali mkono unaochora hulazimika kuuliza kila duara ni la nini.

Utawakuta watu pia, hasa waokota chupa. Salimia kwanza, eleza shughuli yako, omba ruhusa. Mama akikwambia hataki sura yake ionekane, usimwibie picha kwa mbali. Mwulize kama ataridhia umchore kwa mgongo, au uchore mikono yake tu akipanga chupa, na umwonyeshe ulichochora. Hawa ndio wanaoiondoa plastiki kila siku, na heshima yao ni kubwa kuliko picha yoyote. Mara nyingi wao ndio watakaokueleza taka zipi zinaongezeka na zinashuka na mkondo upi.

Kazi ikiisha, usiishie kuirusha kwenye simu. Chapisha ukubwa wa A3, andika chini mahali, tarehe na maelezo mafupi ya rangi zako mbili, kisha uipeleke juu mtoni. Omba nafasi kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa au ukuta wa shule, Vingunguti au Kigogo, kwa sababu mtu anayeishi huko anauona mto ukiondoka na mfuko wake, na huenda hajawahi kufika mdomoni kuuona ulipokwama.